Kabla ya Nakala Safi: Matayarisho ya Insha ya Fasihi Katika Shule za Upili

Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha Karatasi ya Pili ya Kiswahili katika mtihani wa kidato cha nne analijua neno "matayarisho". Huchapishwa katika swali la ufupisho na kufuatwa na mistari mitupu, kisha chini yake hutolewa nafasi ya nakala safi. Mtahiniwa anaruhusiwa kuchafua kabla ya kusafisha. Jambo la kushangaza ni kwamba ruhusa hii hutolewa mahali ambapo mawazo si ya mwanafunzi. Katika ufupisho hoja zote zimo tayari kwenye kifungu. Kazi iliyopo ni kuzichuja na kuziunga. Katika Karatasi ya Kwanza na ya Tatu, ambako mwanafunzi anatakiwa kuzitafuta hoja mwenyewe na kuzipanga mwenyewe, hakuna neno hilo wala mistari hiyo. Matokeo yake ni kuwa wanafunzi wengi huamini kwamba matayarisho ni sehemu ya ufupisho, kama vile anwani ilivyo sehemu ya barua, na wakishatoka kwenye swali hilo hawana haja nayo tena.

Makala haya yananuia kuyajadili matayarisho hayo yanavyohusu insha ya fasihi, hasa ya riwaya. Sitazipitia mbinu zote zinazotajwa katika vitabu vya kufundishia uandishi. Nia yangu ni finyu zaidi. Ningependa kuonyesha kuwa namna tunavyowazoesha wanafunzi kukusanya hoja, yaani kwa kuanza na majina ya maudhui, ndiyo inayowapotezea alama, na lililo baya zaidi, ndiyo inayowafanya waone kuwa hakuna haja ya kuisoma riwaya yenyewe.

Naomba nianze na kosa langu. Katika miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha niliwakataza wanafunzi kuandika chochote kisicho jibu kwenye karatasi za mtihani. Unadhifu ulikuwa na alama kichwani mwangu, ingawa haukuwa nazo katika mwongozo wa kusahihisha. Muhula mmoja, msichana wa kidato cha tatu ambaye darasani aliuliza maswali ya kunitoa jasho aliandika insha kuhusu riwaya teule nikampa alama saba kati ya ishirini. Insha ilikuwa kavu. Aya zote zilianza kwa "Maudhui mengine ni", na kila aya ilikuwa na mfano mmoja ambao ungeweza kuandikwa na mtu aliyesoma jalada la nyuma. Nilipokuwa nikijumlisha alama niligeuza karatasi yake ya maswali, ambayo kwa bahati alikuwa ameibana pamoja na majibu. Nyuma yake, kwa penseli, kwa hati ndogo ya mtu anayejificha, alikuwa ameorodhesha zaidi ya matukio kumi kutoka riwayani, akayaunganisha baadhi kwa mishale, na pembeni mwa jina la mhusika mmoja akaandika: "huyu naye je?" Swali hilo lilikuwa na uhakiki mwingi kuliko kurasa zote alizonipa nisome. Hakuthubutu kulileta kwenye nakala safi kwa sababu halikuwa na mahali katika orodha niliyokuwa nimemfundisha: ufisadi, utabaka, nafasi ya mwanamke, elimu, mapenzi. Alama zile sikuzibadilisha, na sikumwambia nilichokiona. Alimaliza shule pasi na kujua kwamba kazi yake bora ilikuwa ile aliyoificha.

Tangu hapo nimejaribu kulifikiria tatizo hili kupitia riwaya ya Kidagaa Kimemwozea ya marehemu Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka wa 2012 na kutahiniwa hadi mwaka wa 2017. Nimeichagua kwa makusudi. Haitahiniwi tena, kwa hivyo hakuna atakayeyageuza makala haya kuwa mwongozo wa kukariri. Isitoshe, walimu wengi waliifundisha kwa miaka kadhaa na bado wanaikumbuka vyema.

Chukua swali kama hili, ambalo nililitunga kwa ajili ya zoezi la darasani: "Katika riwaya ya Kidagaa Kimemwozea, mwenye mamlaka humdhuru kwanza yule anayemtegemea. Jadili." Ukiwaambia wanafunzi wabunge bongo kwa dakika tano, ubao utajaa haraka: uongozi mbaya, ufisadi, unyakuzi wa ardhi, ulaghai, ukatili, uzinzi, ulevi, wizi wa kazi za sanaa. Mwalimu ataridhika kwa kuwa hoja ni nyingi na muda haukupotea. Hebu sasa mwambie kila mmoja aweke tukio kando ya jina alilolitaja. Aliyesema ufisadi atataja Mtemi Nasaba Bora kughushi hatimiliki za ardhi. Aliyesema unyakuzi wa ardhi atataja Mtemi Nasaba Bora kughushi hatimiliki za ardhi. Aliyesema ulaghai naye hatakuwa na jingine, na wa uongozi mbaya atawafuata. Tulidhani tuna hoja nne, kumbe tuna tukio moja lililovalishwa kanzu nne.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema kuwa uhakiki wa namna ninayoitetea ni anasa ya chuo kikuu. Hoja yao ninaielewa, na ina uzito. Swali la insha katika Karatasi ya Tatu lina alama ishirini, na mara nyingi mtahini hutafuta hoja kumi za alama mbili mbili. Mwanafunzi anayebishana na swali kwa umahiri lakini kwa hoja tano atashindwa na mwenzake aliyeorodhesha kumi bila kufikiri. Sina nguvu ya kuubadilisha utaratibu huo, na sitamshauri mtoto wa mtu aupuuze. Lakini mtahini makini hampi mtahiniwa alama mara nne kwa tukio moja. Mwanafunzi anayekusanya majina ya maudhui huamini amefikisha hoja kumi ilhali ana tano zilizorudiwa, naye hugundua hivyo matokeo yanapotolewa, asielewe kilichotokea. Anayekusanya matukio huona upungufu wake mapema, angali na muda wa kurudi akilini mwake na kutafuta jingine. Kwa hivyo hata kwa kipimo cha alama pekee, orodha ya majina inatupa hasara.

Kwa nini majina haya hutudanganya? Nadhani jibu limo katika sarufi tunayoifundisha wenyewe kila Jumatatu asubuhi. Ufisadi, ukatili, ulevi, utabaka: zote ni nomino dhahania. Nomino dhahania haina mtenda wala mtendwa. Mtu akiandika "ufisadi" kwenye daftari, hajasema nani amefanya nini, wala nani ameumia. Kitenzi cha Kiswahili, kwa upande wake, hakikubali uvivu huo. Kwa kawaida huwa na nafsi au ngeli, wakati, na mara nyingi mtendwa ndani yake. "Alimshambulia" ni neno moja, lakini tayari lina watu wawili na wakati uliopita.

Kutokana na hali hii nilianza kuwaambia wanafunzi kwamba katika hatua ya kukusanya, nomino dhahania ni haramu. Kila wanachokiandika kiwe sentensi fupi yenye kitenzi na watu. Baada ya masomo machache, darasa moja lilinipa orodha iliyokaribia kuwa hivi: Mtemi anaghushi hatimiliki. Mtemi anamshambulia Amani, mchungaji wake. Mtemi anazaa na Lowela. Kitoto kinaachwa kibandani mwa Amani. Amani na Imani wanakilea na kukiita Uhuru. Uhuru anafia hospitalini kwa kutojaliwa na wauguzi. Amani na Imani wanatiwa mbaroni. Mwalimu Majisifu anauchapisha mswada wa Amani kwa jina lake. Majisifu analewa na kuzembea kazini. Madhubuti anaikataa kazi aliyotafutiwa na babake.

Hizo ni sentensi kumi, na hakuna mbili zinazosema jambo moja. Sipendekezi kuwa ndizo zote. Riwaya ina mengi zaidi ya hayo.

Hatua inayofuata imenifaa kuliko mbinu yoyote niliyofunzwa chuoni, nayo ni mnyambuliko wa vitenzi. Wanafunzi wanaujua kwa ajili ya Karatasi ya Pili. Hawajawahi kuambiwa kuwa ni chombo cha kufikiria. Chukua sentensi ya kwanza uiweke katika kauli ya kutendwa. Ikiwa Mtemi alighushi, basi nani alipokonywa? Ghafla mwanafunzi analazimika kuwatafuta watu ambao katika sentensi ya awali hawakuwapo. Chukua ya mwisho uitazame katika kauli ya kutendea. Mtemi alimtafutia mwanawe kazi. Kitenzi hicho kinaonyesha tendo lililofanywa kwa manufaa ya mwingine, jambo ambalo katika riwaya hii Mtemi halifanyi mara nyingi, na ndilo mwanawe analolikataa. Msichana mmoja alitoa sauti ya mshangao alipoliona hilo. Wote walikuwa wamelisoma tukio, lakini walikuwa wameliweka chini ya "uzalendo" wakaliacha hapo.

Baada ya kukusanya ndipo swali linaporudi mezani. Wanafunzi wengi hulisoma swali mara moja, mwanzoni, kisha wakalisahau wakishaanza kuandika. Mimi nawataka walisome tena wakiwa na orodha mkononi, wapigie mstari neno linalolitofautisha swali hili na maswali mengine yote kuhusu riwaya hiyo hiyo. Katika mfano wetu neno hilo si "mamlaka". Ni "anayemtegemea". Kwa kila sentensi basi waulize: aliyedhurika alimtegemea aliyemdhuru kwa nini hasa? Kwa kazi, kwa ulezi, kwa matibabu, kwa ndoa?

Matokeo hayakuwa niliyoyatarajia. Tukio la hatimiliki, ambalo kila mwongozo hulitanguliza, lilibainika kuwa dhaifu kwa swali hili. Raia wanamtegemea kiongozi kwa maana pana tu. Utegemezi wao si wa karibu kama wa mchungaji anayelala katika boma la mwajiri wake. Amani alipanda hadi juu. Juu yake zaidi kikapanda kile kitoto. Kijana mmoja mkimya aliona kwamba Uhuru ndiye mahali ambapo mishale yote inakutana. Alimtegemea baba aliyemzaa, akatelekezwa. Aliwategemea wauguzi, wakampuuza. Waliomlea kwa hiari, wasio na mamlaka yoyote, ndio waliotiwa mbaroni. Hapo hapo jina lake likaanza kusema jambo, bila mimi kuwatajia neno "jazanda". Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwapa jazanda hiyo kama dondoo ya kunakili, nao waliinakili.

Ubishi mkali ulizuka kuhusu mswada. Baadhi walitaka uondolewe kwenye orodha kwa kuwa Amani hakuwa akimtegemea Majisifu kwa riziki. Wengine wakasema kuwa mtunzi asiyejulikana hana budi kuikabidhi kazi yake kwa watu wenye majina, na kwamba huo nao ni utegemezi. Sikuamua. Niliwaambia warudi kitabuni, na waliokwenda kusoma walikuwa pamoja na wale ambao vitabu vyao vilikuwa bado vinanukia upya. Muhimu ni kuwa tukio lisiloingia vizuri katika fungu lolote lisitupwe upesi. Mara nyingi ndilo lenye aya bora ya insha. Laiti ningelijua hili nilipoisoma ile penseli nyuma ya karatasi ya maswali.

Kupanga hakukuchukua muda. Wanafunzi wengi hufuata mpangilio wa sura za kitabu, na hiyo ndiyo sababu insha zao hugeuka muhtasari wa hadithi. Tuliafikiana kuanza na mchungaji na mwajiri wake, kwa kuwa hapo utegemezi hauna utata, kisha Uhuru, kisha mswada, pamoja na ubishi wake, na mwisho Madhubuti, ambaye anategemea na anakataa kuendelea kutegemea, jambo linalolitia doa neno "kwanza" katika swali. Uhuru angetangulia, insha isingekuwa na mahali pa kupanda.

Wapo watakaouliza kuhusu muda, na wana haki. Katika Karatasi ya Tatu mtahiniwa hujibu maswali manne kwa saa mbili na nusu, yaani chini ya dakika thelathini na nane kwa kila swali. Sidai mwanafunzi afanye ubishi wa mswada ndani ya chumba cha mtihani. Dakika tano zinatosha: tatu za kuandika matukio, moja ya kulisoma swali tena, moja ya kutia nambari. Lakini dakika hizo tano huwezekana tu kwa yule aliyefanya zoezi hili polepole mara nyingi darasani. Apige mstari juu ya orodha yake akimaliza, aendelee.

Neno kuhusu mbinu nyingine. Ule mtandao wa mawazo wenye duara katikati na mishipa pembeni, ambao Tony Buzan wa Uingereza aliueneza kuanzia miaka ya 1970, unapendwa sana na walimu wanafunzi wanaokuja kwa mazoezi. Hauna ubaya. Lakini duara la katikati karibu kila mara hujazwa nomino dhahania, na tunarudi tulikotoka, safari hii kwa kalamu za rangi. Uandishi huru, ambao Peter Elbow wa Marekani aliutetea katika kitabu chake cha mwaka wa 1973, yaani kuandika kwa dakika kumi hivi bila kusimama wala kusahihisha, nimeutumia kwa insha za kubuni na ukawafungua waoga wengi. Kwa insha ya fasihi hunipa kurasa za kusimulia upya hadithi. Nadhani sababu inaeleweka. Mengi ya mawazo haya yalikua katika madarasa ambako mwanafunzi aliandika kuhusu maisha yake mwenyewe. Hata D. Gordon Rohman, aliyeandika mwaka wa 1965 kuhusu hatua inayotangulia kuandika kutokana na kazi yake na wanafunzi wa chuo kikuu huko Michigan, aliwaanzisha kwa shajara na tafakari ya nafsi. Mwanafunzi wetu wa fasihi hana ruhusa ya kuichota riwaya kutoka nafsini mwake. Malighafi iko nje yake, kitabuni, na mbinu isiyompeleka kitabuni haimfai hata ikiwa na sifa duniani kote.

Insha ya methali ya Karatasi ya Kwanza nayo inafaidika na jambo hili, ingawa kwa namna tofauti kidogo. Methali nyingi zina pande mbili, na insha inayosimulia upande mmoja huadhibiwa. Kwa "Mchelea mwana kulia hulia yeye", mwanafunzi achore mstari katikati ya karatasi: kushoto matendo ya kumchelea, kulia machozi ya mzazi, kila upande kwa vitenzi. Asipokuwa na matendo matatu kushoto, kilio cha kulia hakitaaminika. Zaidi ya hapo sioni la kuongeza.

Kubunga bongo kwa pamoja ubaoni nako kuna udhaifu ambao hatuutaji. Katika darasa la wanafunzi zaidi ya hamsini, wanaozungumza ni watano wale wale, na mwalimu huandika anachokipenda katika waliyoyasema. Wengine hunakili. Siku hizi nawapa vijikaratasi, nyuma za mitihani ya zamani iliyokatwa vipande vinne, kila mmoja aandike matukio mawili kimya kabla mtu yeyote hajasema neno. Kisha tunavimwaga mezani na kuvipanga kwa mikono. Kijana niliyemtaja, aliyeiona mishale ikikutana kwa Uhuru, hakuwa amewahi kunyoosha mkono katika somo langu.

Muhula uliopita niliongeza neno "matayarisho" na mistari kumi mitupu juu ya swali la riwaya katika mtihani wetu wa ndani. Mwalimu mwenzangu idarani aliniuliza iwapo tutayatuza. Nilimjibu kuwa hatutayatuza, ila tutayasoma kwanza kabla ya insha. Wanafunzi nao waliuliza swali lilo hilo, na baada ya kusikia jibu baadhi yao waliiacha mistari ilivyo wakaanza kuandika mara moja. Miongoni mwa walioijaza alikuwamo mmoja aliyeandika matukio sita tu, akayafuta mawili. Nilimwita baada ya somo nimuulize kwa nini aliyafuta hayo mawili. Alinieleza akiwa amesimama, akichora mishale hewani kwa kidole, mpaka kengele ya chakula cha mchana ikalia naye bado hajamaliza.